Ukaguzi wa Gari wa Kila Mwaka: Maandalizi Huanza Nyumbani, Si Kwenye Foleni

Wenye magari mjini Lodwar, Kanamkemer, Kalokol na Kakuma wanakumbushwa kuangalia tarehe iliyo kwenye stika ya ukaguzi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Tarehe hiyo ikipita, gari la abiria, la mizigo au la shule halina ruhusa ya kufanya kazi barabarani hadi likaguliwe tena na kupewa cheti kipya.

Kwa mkazi wa Nairobi au Nakuru, ukaguzi ni shughuli ya asubuhi moja. Kwa mkazi wa Turkana, unaweza kuwa safari ya mamia ya kilomita kwenda na kurudi. Gari likifika huko likakataliwa kwa sababu ya taa moja iliyoungua, hasara si bei ya taa tena. Ni mafuta ya safari ya pili, malazi, na siku ambazo gari halikuingiza hata shilingi. Kwa sababu hiyo, mwenye gari wa Turkana ana haja ya kujiandaa mapema kuliko mwenye gari wa mahali pengine popote.

Makala haya yanaeleza ni magari gani yanayotakiwa kukaguliwa, lini, wapi, na jinsi ya kuhakikisha gari linapita mara ya kwanza.

Magari yanayohusika

Ukaguzi unasimamiwa na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya. Makundi yanayohusika ni haya:

• Magari ya abiria: matatu, mabasi, teksi na gari lingine lolote linalobeba watu kwa nauli. Haya hukaguliwa kila mwaka, hata yakiwa mapya.

• Magari ya biashara: pikapu za mizigo, malori, matangi ya mafuta na maji, pamoja na trela.

• Magari ya shule.

• Magari ya kibinafsi ambayo yamepita miaka 4 tangu yalipotengenezwa.

Hapo kwenye miaka 4 ndipo wengi wanapokosea. Miaka huhesabiwa tangu gari lilipotoka kiwandani, si tangu mwenyewe aliponunua, wala tangu gari liliposhushwa bandarini Mombasa. Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingizwa nchini yakiwa na umri usiozidi miaka 8. Hivyo, gari linaloitwa jipya hapa nyumbani linaweza kuwa na miaka 7 tayari siku linapokabidhiwa mnunuzi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kitabu cha umiliki wa gari, yaani logibuku.

Kuna nyakati nyingine ambapo ukaguzi huhitajika bila kusubiri mwaka uishe: mwenye gari anapobadilisha rangi, bodi au injini, na pale polisi wanapoagiza gari likaguliwe baada ya ajali.

Waendeshaji wa bodaboda, ambao ndio tegemeo kubwa la usafiri Kanamkemer, nao wana masharti yao katika sheria hiyo hiyo: leseni ya kuendesha pikipiki, bima, kofia ya usalama na jaketi ya kuakisi mwanga kwa dereva na kwa abiria, na abiria mmoja tu kwa safari.

Kazi ya kaunti na kazi ya NTSA

Ukaguzi wa magari hufanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hii ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, serikali za kaunti zimepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma ndani ya kaunti. Usimamizi wa trafiki kwa jumla umebaki kwa Serikali ya Kitaifa.

Maana yake kwa mwenye gari ni hii: stiki au risiti ya maegesho anayolipia kaunti si cheti cha ukaguzi. Kibali cha biashara si cheti cha ukaguzi. Stika ya bima pia si cheti cha ukaguzi. Kila moja ina kazi yake, na kuwa na moja hakuondoi haja ya nyingine. Afisa wa kaunti hawezi kutoa cheti cha ukaguzi, na mtu yeyote anayedai pesa kwa jina la kaunti ili atoe cheti hicho anafaa kuripotiwa kwa polisi.

Lini: hesabu kurudi nyuma

Cheti cha ukaguzi wa mwaka hudumu kwa miezi 12. Kosa la kawaida ni kungoja wiki ya mwisho. Mwenye gari aliye mbali na kituo anashauriwa kuanza mwezi mmoja na nusu kabla ya tarehe ya mwisho, kwa utaratibu huu:

Wiki ya kwanza, peleka gari kwa fundi unayemwamini, alikague kama vile yeye ndiye mkaguzi. Aingie chini ya gari, asiishie kwenye injini.

Wiki ya pili na ya tatu, nunua vipuri na urekebishe. Kipuri ambacho hakipo Lodwar huenda kikalazimika kuagizwa Kitale au Eldoret, na hilo huchukua siku.

Wiki ya nne, weka miadi kwenye mtandao na ulipe.

Wiki ya tano, nenda ukakague. Hapo bado utakuwa na siku za kurekebisha kasoro iwapo itapatikana, huku cheti cha zamani kikiwa hai.

Ukianza safari ya ukaguzi baada ya cheti kuisha, kila kizuizi cha polisi kutoka Lodwar hadi Kapenguria ni mahali pa kujieleza. Chini ya Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, kuendesha gari bila cheti halali cha ukaguzi kuna faini ya shilingi 10,000.

Mashirika, shule na kampuni zenye magari mengi, hasa Kakuma na Kalobeyei, zinashauriwa kutopeleka magari yote kwa wakati mmoja. Magari yakipangwa kwa zamu, kazi za kila siku hazitasimama.

Wapi, na jinsi ya kuweka miadi

Miadi huwekwa kupitia eCitizen, kwenye huduma za NTSA. Mfumo wa zamani uliojulikana kama TIMS uliacha kutumika mwaka 2023. Hatua ni hizi:

1. Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen na ufungue huduma za NTSA.

2. Chagua gari lako, kisha ukaguzi wa gari.

3. Chagua kituo na tarehe miongoni mwa zile zinazoonyeshwa.

4. Lipa kiasi kinachoonyeshwa kwenye skrini, ambacho hutegemea aina na ukubwa wa gari. Malipo ya eCitizen hupitia nambari ya malipo 222222. Usitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

5. Chapisha au uhifadhi risiti, na uende nayo siku ya miadi.

Miongoni mwa vituo vya NTSA vinavyohudumia upande huu wa nchi ni cha Eldoret, kilicho karibu kilomita 370 kutoka Lodwar. Anayetoka Kakuma huongeza kilomita 120 hivi. Kabla ya kulipa, soma orodha yote ya vituo na tarehe kwenye mfumo, na uulize kama kuna siku iliyopangwa kwa wakaguzi kufika karibu na nyumbani. Swali hilo moja linaweza kukuokolea safari nzima.

Asiye na akaunti ya eCitizen, au asiyezoea kutumia mtandao, anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre ya Lodwar. Aende na kitambulisho cha taifa, nambari ya gari na simu yake.

Jambo moja huwakwamisha wengi katika hatua ya pili: gari halionekani kwenye akaunti yao. Mara nyingi sababu ni kwamba walinunua gari kwa mkono, wakapewa logibuku, lakini umiliki haukuhamishwa. Kwa mfumo, gari bado ni la yule aliyeuza. Sheria inataka umiliki uhamishwe ndani ya siku 14 baada ya gari kubadilisha mikono. Aliyenunua gari na hajahamisha umiliki ashughulikie hilo kwanza, kabla hata ya kumwita fundi.

Mkaguzi anaangalia nini

Kazi ya kwanza ya mkaguzi ni kuthibitisha kwamba gari lililo mbele yake ndilo lililoandikwa kwenye rekodi. Anasoma nambari ya chesisi na ya injini, na kuzilinganisha na zilizosajiliwa. Magari ya kwetu hubeba vumbi na grisi nyingi, na nambari hizo mara nyingine hazisomeki. Muombe fundi akuonyeshe zilipo, uzisafishe kwa kitambaa, na usikwaruze kwa chuma. Nambari za usajili, mbele na nyuma, nazo ziwe safi na zisomeke.

Baada ya hapo hufuata sehemu zinazobeba uhai wa watu:

Breki. Za miguu na ya mkono. Breki ya mkono iweze kulishika gari lisiteleze. Mabomba yasivuje, na gari lisivute upande mmoja linaposimamishwa.

Usukani na sehemu za chini. Viungio vilivyolegea, springi zilizovunjika, shokabzoba zinazovuja, bushi zilizokwisha na chesisi yenye ufa.

Tairi. Ziwe na michoro ya kutosha, zisiwe na nyufa wala uvimbe ubavuni, na zisitofautiane kwa ukubwa kwenye ekseli moja. Tairi la akiba huangaliwa pia.

Taa. Za mbele, za nyuma, za breki, indiketa na ya kurudi nyuma.

Vioo na waipa. Kioo cha mbele kisiwe na ufa unaomziba dereva macho. Vioo vya pembeni viwepo.

Viti, mikanda na milango. Mkanda wa usalama ufungike na kufunguka. Mlango usifungwe kwa kamba.

Magari ya abiria na malori yana masharti ya ziada. Matatu huhitaji kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda kwenye viti vyote, na mstari wa manjano ubavuni. Masharti haya yalianza kutekelezwa Februari 2004, wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, na bado watu huyaita sheria za Michuki. Mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza pia viwemo. Lori liwe na viakisi mwanga nyuma na ubavuni, maana lori lililoharibika gizani kwenye barabara isiyo na taa halionekani hadi mtu amelifikia. Gari la shule liwe la rangi ya manjano.

Kasoro zinazotokana na hali ya Turkana

Mazingira ya kaunti hii huchosha gari kwa njia zake, na fundi wa nyanda za juu huenda asizitambue upesi. Mwenye gari wa Kanamkemer aangalie hasa mambo manne.

La kwanza ni jua. Joto hukausha mpira. Tairi linaweza kuwa na michoro mizuri, kwa kuwa gari halitembei sana, na bado likawa limepasuka nyufa ndogondogo ubavuni. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2317 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Anayenunua tairi la mitumba asome tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa. Mipira ya waipa na mabomba ya mpira ya breki huathirika vilevile.

La pili ni mchanga na vumbi. Chembe za mchanga huingia ndani ya ngoma za breki na kula laini haraka. Pia hukwaruza vioo vya taa za mbele hadi mwanga ukafifia, ingawa balbu ni nzima.

La tatu ni laga. Gari likivuka maji ya Kawalase au laga nyingine yoyote, breki hulowa na kupoteza nguvu kwa muda. Dereva baada ya kuvuka anafaa kwenda polepole huku akikanyaga breki taratibu hadi zikauke. Gari linalovuka maji mara kwa mara lifunguliwe magurudumu na kusafishwa kabla ya kupelekwa kwenye ukaguzi. Na maji yakiwa yanatiririka kwa kasi, asivuke mtu. Hakuna miadi ya ukaguzi iliyo na thamani ya uhai.

La nne ni miiba ya mathenge, au etirai. Tairi lililozibwa mara nyingi, hasa ubavuni, si la safari ndefu wala la kubeba watu.

Kwa nini breki za Lodwar zinahitaji jicho kali

Mji wa Lodwar uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kapenguria iko juu ya mita 2,000. Kati yake ni barabara ya A1, pamoja na miinuko ya Marich na Kamatira. Dereva anayezunguka Lodwar na Kalokol, ambako ardhi ni tambarare, anaweza kumaliza mwaka mzima bila kujua kwamba breki zake zimedhoofika. Huwa zinasimamisha gari, basi anaridhika.

Kwenye mteremko mrefu, mambo hubadilika. Breki inayokanyagwa mfululizo hupata moto, na ikipata moto hushika kidogo zaidi kila inapokanyagwa. Gari lililopakia lina uzito unaoisukuma kutoka nyuma. Kasi nayo ina hesabu yake: ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Dereva ashuke kwa gia nzito, na ahakikishe laini za breki na mafuta ya breki vimekaguliwa kabla ya kutoka Lodwar.

Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufariki kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Mwezi Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, liliua zaidi ya watu 50. Wengi wao hawakuwa kwenye lori hilo. Walikuwa wachuuzi na abiria waliosimama kando ya barabara. Kina mama wanaouza makaa, samaki na mboga kando ya barabara hapa Kanamkemer hawana stika ya kuangalia wala mkanda wa kufunga. Usalama wao uko kwenye breki za magari ya watu wengine.

Gari likikataliwa

Gari lililopita hupewa cheti na stika. Lililokataliwa hupewa orodha ya kasoro. Orodha hiyo isichukuliwe kama ugomvi na mkaguzi. Mpelekee fundi kama ilivyoandikwa, arekebishe kila kitu, kisha urudi kukaguliwa upya. Ndiyo sababu inafaa kubeba balbu za akiba, fyuzi, waipa na vifaa vya kawaida unapokwenda kituoni, maana kasoro ndogo huweza kumalizwa siku hiyo hiyo.

Mawakala wanaoahidi cheti bila gari kufika kwa mkaguzi waepukwe. Gari ambalo halikukaguliwa haliponi kwa sababu limebandikwa karatasi. Breki mbovu hubaki mbovu, na mwenye gari ndiye atakayejibu mahakamani iwapo watu wataumia.

Kwa magari ya abiria, cheti cha ukaguzi ni mlango wa mambo mengine. Bila cheti halali, gari halipati leseni ya huduma ya barabara kutoka NTSA. Gari la kibinafsi linalobeba abiria kwa nauli kwa bima ya kibinafsi lina hatari ya ziada: ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na familia za walioumia zikabaki mikono mitupu.

Abiria nao wana sehemu yao

Abiria anayepanda gari stendi ya Lodwar kwenda Kitale ana haki ya kutazama stika kwenye kioo kabla ya kulipa nauli. Aangalie tarehe, tairi na kama kiti chake kina mkanda. Asiporidhika, asubiri gari jingine. Wazazi nao waulize shule kama gari linalobeba watoto wao limekaguliwa mwaka huu. Ni swali la kawaida, na mwalimu mkuu mwenye cheti hatasita kulijibu.

Kwa ufupi

• Angalia tarehe ya stika yako leo, na uanze maandalizi wiki sita kabla.

• Hakikisha gari limesajiliwa kwa jina lako.

• Fundi akague breki, usukani, tairi, taa na mikanda kabla ya kuweka miadi.

• Weka miadi na ulipe kupitia eCitizen pekee, nambari ya malipo 222222.

• Uliza Huduma Centre ya Lodwar iwapo unahitaji msaada, na uulize tarehe iliyo karibu kabla ya kuanza safari.

• Beba logibuku, kitambulisho, risiti ya miadi, cheti cha bima, na kwa gari la abiria, cheti cha kidhibiti mwendo.